KANDO YA ZIWA KIVU, KWA BASI NA KWA MIGUU

Askari anaijua miguu yake kuliko watu wengi. Tangu siku ya kwanza ya mafunzo hutembea kwa saa, kwa hesabu na kwa amri. Lakini apatapo likizo akarudi kwa mkewe na wanawe, mara nyingi miguu hiyo haina kazi tena. Siku chache za mapumziko hupita baina ya kiti, redio na wageni wa jioni. Watoto waliomngoja baba miezi mingi humwona ameketi, na kabla hawajamzoea humwona akifunga mkoba wa safari. Mama naye, aliyebeba nyumba peke yake muda wote huo, hapati hata siku moja ya kutoka jikoni.

Wahenga walisema kuwa mtembea bure si sawa na mkaa bure. Katika nchi jirani ya Rwanda ipo njia ya miguu ambayo jamaa wasio na motokaa wanaweza kuitembea kwa siku moja au mbili, kwa gharama ya nauli ya basi na chakula cha mfukoni. Njia hiyo hufuata ukingo wa Ziwa Kivu kutoka Rubavu, upande wa kaskazini, hadi Rusizi, upande wa kusini. Urefu wake ni kilomita 227, nayo hupita katika wilaya tano: Rubavu, Rutsiro, Karongi, Nyamasheke na Rusizi. Ilizinduliwa mwaka 2011, na jina lake ni Njia ya Kongo na Nile.

Atakaye kuimaliza yote kwa miguu huhitaji siku kumi hivi, na mpanda baisikeli siku tano. Hesabu hiyo huwavunja watu moyo, wakadhani kuwa njia imewekwa kwa ajili ya watalii wenye fedha na nafasi. Sivyo. Basi la abiria huikata safari hiyo ndefu vipande vipande, na kila jamaa huchukua kipande kinachoitosha.

MVUA MOJA, BAHARI MBILI

Jina la njia lina maana yake. Nyuma ya ziwa husimama mgongo wa milima unaogawa maji ya Afrika. Mvua inyeshayo mashariki ya mgongo huo hushuka katika mto Nyabarongo, ikaingia Akagera, kisha Ziwa Viktoria, na hatimaye huchukuliwa na mto Nile hadi Misri na Bahari ya Mediterania. Mvua inyeshayo magharibi huingia Ziwa Kivu, ikatoka kwa mto Ruzizi hadi Ziwa Tanganyika, kisha kwa mto Lukuga huufikia mto Kongo na Bahari ya Atlantiki. Basi litokalo Kigali kwenda ziwani huuvuka mgongo huo, na mzazi anaweza kumwonyesha mtoto, kupitia dirishani, jambo ambalo darasani angeliona kwenye ramani tu.

Ziwa lenyewe liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na ndiyo sababu hewa yake ni ya ubaridi mzuri. Kina chake hufika mita 480 hivi. Chini kabisa, maji yameshika gesi nyingi ya methani na ya kaboni. Karibu na Karongi methani hiyo huvutwa na kuchomwa ili kutoa umeme, katika kituo cha megawati 26 kilichofunguliwa rasmi mwaka 2016. Mtoto ashangaaye kuona mtambo umeelea majini apewe jibu hilo: taa za mjini zinawashwa na ziwa.

Katika ukingo wa kaskazini, karibu na volkano ya Nyiragongo, wenyeji huogopa kitu wakiitacho mazuku. Hiyo ni hewa nzito isiyoonekana, itokayo ardhini na kutuama katika mashimo na mabonde, nayo huua mnyama na mtu. Kwa hiyo mgeni asilale wala kucheza shimoni, na aoge pale tu waogapo wenyeji.

KIPANDE GANI KICHAGULIWE?

Safari huanzia katika kituo cha mabasi cha Nyabugogo mjini Kigali. Kutoka hapo kuna mabasi ya Rubavu kupitia Musanze, mabasi ya Karongi kupitia Muhanga, na mabasi ya Rusizi yapitayo katika msitu wa Nyungwe. Safari mbili za kwanza huchukua saa tatu au zaidi kidogo. Ile ya Rusizi ni ndefu zaidi na hula sehemu kubwa ya siku. Wazee bado huiita miji hiyo kwa majina ya zamani, yaani Gisenyi, Kibuye na Cyangugu, na msafiri asishangae kuyasikia kituoni.

Katika miaka ya 2010 barabara ya lami ilijengwa kuiunganisha miji hiyo mitatu kwa upande wa ziwa. Manufaa yake ni makubwa. Mgonjwa hufika hospitali mapema, kahawa hufika sokoni, na basi hupita mahali ambapo zamani palipita miguu peke yake. Hata hivyo, lami hiyo hiyo imemeza sehemu ya njia ya miguu. Kusini ya Karongi mtembeaji hujikuta mara nyingi pembezoni mwa barabara, malori yakimpita. Kaskazini, baina ya Rubavu na Karongi, ndiko njia ya udongo ilikosalia zaidi, na huko ndiko wenye watoto waende.

Mahali pazuri pa kuanzia ni Kinunu, wilayani Rutsiro. Kijiji hicho kiko chini kando ya maji, mbali na kelele za barabara. Basi humwacha abiria juu, naye hushuka mlima kwa miguu au kwa pikipiki ya abiria. Katika majira ya mavuno ya kahawa, yaani kuanzia Machi hadi katikati ya mwaka, watu hushusha matunda mekundu kwa mizigo ya kichwani hadi penye mitambo ya kuyamenya na kuyaosha. Kutoka hapo njia huelekea kusini hadi Musasa, ikipita katika migomba, maharage na vighuba ambamo mitumbwi imefungwa.

Ikifika jioni wavuvi hutoka. Mitumbwi mitatu hufungwa pamoja, miti mirefu ikitokeza mbele na nyuma kushika wavu, na taa huwashwa ili kuwavuta samaki. Wavuvi hupiga kasia kwa nyimbo, na sauti zao husikika hadi ufukoni. Wanachotafuta hasa ni sambaza, samaki wadogo mfano wa dagaa. Asili yao ni Ziwa Tanganyika, nao waliletwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950. Wakikaangwa wakali na chumvi, hakuna mtoto awakataaye.

MAHALI PA KUVUA KOFIA

Uzuri wa nchi hiyo usimsahaulishe mgeni yaliyotendeka huko. Mjini Karongi, juu ya ziwa, kuna kanisa lenye ukumbusho wa watu waliouawa humo katika mauaji ya kimbari ya mwaka 1994. Katika vilima vya Bisesero, wilaya hiyo hiyo, Watutsi waliokimbilia huko walijitetea kwa mawe na mikuki tangu Aprili hadi Juni mwaka huo, na makumi ya maelfu yao wakafa. Mwaka 2023 ukumbusho wa Bisesero uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Aliyezoea kubeba silaha atatambua upesi vilima hivyo vinasema nini. Raia wasio na silaha walisimama, na wengi waliopaswa kuwalinda ndio waliowawinda. Watoto wakubwa waelezwe habari hiyo kwa upole, na mahali hapo paingiwe kwa kimya.

Amani ndiyo inayoifungua njia hii, na mpaka wa Kongo u karibu. Mwezi Januari 2025, vita vilipofika Goma, mabomu yalivuka mpaka na kuua watu katika Rubavu. Kwa hiyo kila msafiri aulize kwanza hali ya usalama ya mpakani, na ikiwa si njema achague Karongi.

MATAYARISHO YA NYUMBANI

Askari na polisi wapate kwanza ruhusa ya wakuu wao kabla ya kukata tiketi ya nchi ya nje. Tangu mwaka 2014 raia wa Uganda na Kenya huruhusiwa kuingia Rwanda kwa kitambulisho cha taifa. Karatasi za watoto ziulizwe mapema.

Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, ndiyo bora. Machi hadi Mei udongo huteleza sana. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi wananchi wa Rwanda hufanya kazi ya pamoja iitwayo umuganda, na asubuhi hiyo mabasi hayaendi. Chakula kifungwe kwa kitambaa au majani, kwani mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini humo tangu mwaka 2008. Viazi vitamu vilivyochemshwa usiku, mayai, ndizi na maji yaliyochemshwa vyatosha. Kila mmoja awe na kofia, koti la mvua na viatu alivyokwisha kuvizoea, maana kiatu kipya ni adui wa safari.

Kwa watoto wa umri wa miaka kumi, kilomita nane kwa siku ni kazi ya kutosha katika milima hiyo. Safari ianze alfajiri, na saa ya basi la mwisho iulizwe kabla ya kuondoka kituoni, kwa kuwa jua huzama karibu na saa kumi na mbili jioni.

Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na wengi katika miji ya ziwani hukisikia. Hata hivyo salamu ya Kinyarwanda hufungua milango: mwaramutse asubuhi, mwiriwe alasiri, na murakoze kwa kushukuru. Watu wanaokutwa njiani hawatembei kwa kujifurahisha. Wanakwenda shamba, sokoni na shuleni, na njia ni yao kwanza. Mgeni awapishe wenye mizigo.

Jambo la mwisho ni la baba. Akiwa mbele kwa mwendo wake wa kambini, jioni atafika peke yake, mke na watoto wakiwa nyuma wamechoka na kununa. Siku hiyo hana cheo. Amri ya mwendo itolewe na miguu ya aliye mdogo kuliko wote, na baba aifuate.