Jengo limesimama miaka 50? Iulize nondo

Mwenye jengo la zamani akitaka kuongeza ghorofa, na mhandisi akasita, jibu huwa limeshaandaliwa: "Limesimama miaka 50, lianguke leo?" Hoja hiyo inavutia, ila inasahau mambo mawili. Boriti iliyojengwa kubeba familia na vitanda vyake leo inabebeshwa marobota ya vitenge na matangi ya maji. Na chuma kilichomo ndani yake huenda kimepungua.

Tangu jengo la ghorofa lilipoporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, Novemba 16, 2024 na kuua zaidi ya watu 20, wengi wamekuwa wakiyatazama majengo ya mjini kwa wasiwasi. Kila ajali ina chanzo chake, na wasiwasi peke yake haupimi kitu. Nondo za boriti kuukuu, hata hivyo, zinaweza kupimwa bila kubomoa jengo.

Zege ni hodari likikandamizwa, lakini likivutwa lina takribani sehemu moja tu ya kumi ya nguvu hiyo. Boriti ikielemewa, upande wake wa chini huvutwa katikati, na upande wa juu huvutwa pale inapopita juu ya nguzo. Huko ndiko fundi hulaza nondo. Ringi zinazozizunguka nondo hizo nazo huzuia nyufa za mshazari karibu na nguzo.

Zege zima huilinda nondo kwa ualikali wake, unaojenga utando mwembamba wa kuzuia kutu. Hewa ya ukaa ikipenya mwaka hadi mwaka, ualikali hushuka. Chumvi ni mbaya zaidi, kwa sababu huutoboa utando hata zege likiwa bado zima. Katika miji ya pwani chumvi huja na upepo wa bahari, na pengine imo tangu siku ya kwanza, kama mafundi walitumia mchanga wa ufukweni au maji ya kisima cha chumvi. Kutu huchukua nafasi mara 2 hadi 6 ya chuma kilicholiwa, hivyo zege hupasuka kufuata mstari wa nondo, kisha hubanduka.

Wahenga walituasa tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta. Kwenye boriti, ufa wa namna hiyo ukizibwa kwa lipu na rangi, kinachozibwa ni taarifa tu. Kutu inaendelea kula.

Mkaguzi makini huanza kwa kutafuta michoro. Mara nyingi haipo. Majengo mengi ya katikati ya Dar es Salaam yalitaifishwa mwaka 1971, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, kisha yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa. Jengo lililopita mikono mingi namna hiyo si ajabu kukosa karatasi zake.

Kifaa cha sumaku-umeme kikipitishwa juu ya zege huonyesha nondo zilipo na kina chake. Zikibanana, hata hivyo, kifaa hukosea kuzihesabu, na safu ya pili huweza kujificha nyuma ya ile ya kwanza. Kwa hiyo boriti huegemezwa kwa nguzo za muda, zege likachimbuliwa sehemu chache, nondo ikasuguliwa kutu na kupimwa unene kwa kalipa.

Hapo hesabu hushtua. Nondo ya milimita 20 iliyobaki na milimita 16 haijapoteza sehemu moja tu ya tano ya chuma chake. Kwa kuwa chuma huhesabiwa kwa mraba wa kipenyo, imebakiwa na asilimia 64 tu. Aina ya nondo nayo ina uzito wake. Nondo laini za zamani kwa kawaida huhesabiwa kwa nguvu ya megapaskali 250, ilhali zenye mbavu za siku hizi hufikia 460 au 500. Anayezihesabu za zamani kama za leo huipa boriti, kwenye karatasi, karibu mara mbili ya uwezo wake. Kukiwa na shaka, kipande hukatwa mahali pasipo na mzigo mkubwa, kikavutwa maabara mpaka kikatike.

Penye zege lililochimbuliwa hupulizwa kemikali ya finoftalini. Likigeuka waridi, ualikali bado upo. Lisipobadilika, ulinzi umekwisha. Kipimo hicho hakioni chumvi, hivyo zege hutobolewa na unga wake kupelekwa maabara pia.

Majibu si lazima yawe kubomoa. Boriti nyingine huachwa ilivyo, nyingine hukarabatiwa, nyingine hupunguziwa mzigo. Unayemlipa mhandisi aliyesajiliwa, dai ripoti inayotaja nondo ni ngapi, za unene gani, zimebaki na chuma kiasi gani na zilichimbuliwa wapi. Ripoti inayosema tu kwamba jengo "liko imara" irudishe.