Kabaila wa Maua

Ukiegesha gari karibu na maua, usishangae kukuta ndege mdogo ameng'ang'ania kioo cha pembeni, anakidonoa kama anayedai deni. Ni chozi dume. Ndani ya kioo ameona dume mwenzake, na hapo pana mwenyewe tayari.

Katika bustani za Nairobi, Kampala au Mwanza, mgomvi huyo mara nyingi ni chozi mwenye kidari chekundu. Urefu wake ni sentimita 15 hivi. Mwili ni mweusi wa kahawia, kidari chekundu cha kuwaka, utosi na kidevu vya kijani kinachometameta. Kijani hicho hutokana na jinsi unyoya ulivyoumbika na unavyorudisha mwanga. Ndiyo maana akiingia kivulini utosi huwa mweusi tu. Kuimba nako, kusema kweli, si fani yake. Hupanda tawi la juu au waya wa umeme, akarudia noti zilezile kali asubuhi nzima.

Chakula chake kikubwa ni mbochi, anaoufyonza kwa ulimi mrefu ulio kama mrija. Kwa kawaida hutua kwenye kikonyo, hana haja ya kuelea hewani. Akikuta ua refu kama la haibiskasi, hulitoboa kwenye kitako na kunywa bila kugusa chavua. Ua halipati kitu. Huo ni wizi wa mchana kweupe, na mwizi ndiye huyohuyo anayewafukuza wengine kwa kelele.

Ukali huo una hesabu yake. Karibu na Ziwa Naivasha, wanasayansi Frank Gill na Larry Wolf waliwachunguza jamaa zake, chozi wenye mabawa ya dhahabu, na mwaka 1975 wakachapisha walichokiona. Maeneo yaliyolindwa na ndege hao yalitofautiana sana kwa ukubwa, lakini idadi ya maua ilikaribiana: takriban 1,600, kiasi cha kumtosha ndege mmoja kwa siku. Maua yakiwa haba mno au tele mno, kupigana hakulipi.

Wapiga picha humkimbilia dume, jambo linaloniudhi kidogo, kwani kazi nzito iko kwa jike. Yeye ni wa kahawia, mwenye mabaka tumboni. Hujenga peke yake kifuko kinachoning'inia, cha nyasi na majani makavu yaliyofungwa kwa utando wa buibui, mlango ubavuni na kibaraza juu yake. Pengine huchagua tawi lenye nyigu, wamlindie nyumba. Dume husaidia baadaye, kulisha makinda wadudu na buibui. Anayepulizia dawa kila kona ya bustani anawanyima hao chakula, na mama yao kamba ya kujengea.

Hata nyigu hawamzuii kekeo wa Klaas, ndege wa kijani anayetaga katika viota vya chozi na kwenda zake. Kinda lake hulelewa na wenye nyumba, huku dume akiendelea kupigana na kioo.