Kuwa Kahawia Si Kuiva

"Mwalimu, mbona juu imeshakuwa kahawia na bado unasema ni mbichi?" Swali hili limenichosha. Huja darasani, huja kwa simu, na kila likija lina picha yake: pai ya limau yenye kilima cha meringi, lile povu la ute wa yai na sukari, ncha zake zimebabuliwa kwa kichomeo cha gesi zikapendeza macho.

Ndiyo, ni mbichi. Sentimita moja chini ya hiyo rangi ni mbichi kabisa.

Mwali wa kichomeo unapita nyuzi joto 1,000, na sukari iliyo juu huanza kugeuka rangi ikifika kama 160. Ncha za povu hufika huko kwa sekunde chache. Ndani hakufiki kitu, kwa sababu povu ni hewa iliyofungiwa, na hewa iliyofungiwa haipitishi joto kirahisi. Msinisadiki mimi. Babua meringi yako mpaka uridhike, kisha ingiza sindano ya kipimajoto kwa ubavuni hadi katikati ya kilima. Jikoni Dar es Salaam mwezi Februari utasoma nyuzi 30 na kitu, yaani joto la jiko lenyewe. Sasa kwangua kwa kijiko: ngozi nyembamba ya kahawia, na chini yake ute uleule unaonata uliotoka nao kwenye bakuli.

Wapishi wanalijua hili na wanalifanyia maonyesho. Kuna kitindamlo kiitwacho Baked Alaska: aiskrimu hufunikwa kwa meringi, huingizwa kwenye oveni kali kwa dakika chache, hutoka na rangi nzuri huku aiskrimu bado imeganda. Wageni hupiga makofi, na hakuna anayejiuliza: povu linaloikinga aiskrimu isiyeyuke ndani ya oveni, litashindwaje kuwakinga bakteria? Mwanafizikia Nicholas Kurti alilalamika mwaka 1969, jijini London, kwamba tunajua joto la anga ya Zuhura lakini hatujui ndani ya suflee yetu kuna nyuzi ngapi. Zuhura waachieni wenyewe. Kipimajoto cha jikoni kinauzwa madukani.

Nikishasema hayo, hufuata utetezi. Mayai tumeyaosha. Salmonella Enteritidis anaweza kuingia ndani ya yai likiwa bado tumboni mwa kuku, kabla ganda halijafunga, unaosha nini? Ni ya kienyeji. Kuku anayechakura jalalani hapati kinga kwa kuwa ni wa bibi. Tumetia limau. Matone yale husaidia povu lisimame, hayaui. Sukari je? Hiyo ikizidi humfanya bakteria astahimili joto kuliko kawaida. Ute wenyewe una kemikali zinazomdumaza, sikatai, ila kumdumaza si kumuua. Na hoja ninayoichukia kuliko zote: "Mbona tumekula siku zote na hatujaugua?" Tumbo huanza kuvuruga saa 6 hadi 72 baada ya kula, kwa hiyo lawama humwangukia muuza chipsi wa jana.

Wengine hunitumia video za Uingereza. Huko, wakala wa serikali wa viwango vya chakula uliruhusu mwaka 2017 mayai yenye muhuri wa simba yaliwe mabichi hata na wajawazito, kwa sababu kuku wake wamechanjwa na ufugaji wake unakaguliwa. Hawakuamka tu wakajikuta hapo. Mwaka 1988 suala hilihili la Salmonella kwenye mayai lilimng'oa kwenye kiti naibu waziri wa afya, Edwina Currie. Trei lako la sokoni lina muhuri gani?

Haya, njia zenyewe, upesi. Ya kwanza na ya uhakika: ute na sukari, gramu 60 kwa ute wa kila yai, kwenye bakuli la chuma juu ya sufuria ya maji yanayofuka, bakuli lisiguse maji. Koroga bila kuacha hadi nyuzi 71, epua, piga mpaka lisimame na kupoa. Halitageuka kiwanda cha mayai ya kukaanga, kwani sukari huchelewesha ute kuganda. Mnaopenda kumimina shira ya nyuzi 118: bakuli na hewa hulinyang'anya povu joto, na mara nyingi huishia 55 na kidogo, kwa hiyo tumieni ute wa paketi uliopasteurishwa. Kwa oveni, tandaza povu la mayai matatu juu ya pai ambayo ujazo wake bado ni wa moto, lifike hadi ukingoni, oka kwa nyuzi 175 kama dakika 15, kisha pima katikati upate 71. Ukilundika mayai sita, dakika hizo si zako tena. Wenye kupalia makaa juu na chini wanaweza pia, mradi makaa ya juu yawe machache na wasifukuzane na rangi.

Kichomeo ni cha mwisho, cha urembo tu. Subiri mwali uwe wa bluu, usije ukalisha watu harufu ya gesi. Sogeza karatasi na maua ya plastiki. Chombo cha kioo kilichotoka kwenye friji usikiguse kwa moto, kitapasuka. Halafu kihifadhi kitindamlo kwenye friji. Nje kisizidi saa mbili, na joto likivuka nyuzi 32 ni saa moja tu. Hema la harusi saa tisa alasiri limeshavuka, kwa hiyo kitoe MC akishaita watu mezani, si wakati wa kupamba ukumbi.