Jogoo Mgeni Asiingie Bandani Siku ya Kwanza

Katika nyumba nyingi za vijijini, kuku ni akiba. Mtoto akiugua, kuku mmoja huuzwa na dawa hununuliwa. Shule zikifunguliwa, kuku wawili hugeuka madaftari na sare. Mgeni akifika, jogoo huchinjwa. Yai nalo ni chakula kizuri sana kwa mtoto anayekua, ingawa mara nyingi mayai yote huuzwa au huatamiwa na mtoto hapati hata moja.

Akiba hiyo inaweza kwisha kwa wiki moja. Na pengine anayeimaliza ni jogoo mmoja tu, jogoo mzuri, aliyenunuliwa kwa nia njema ili alete vifaranga bora.

Tuchukue mfano wa kijiji cha Maposeni, katika Wilaya ya Songea, jirani na Peramiho. Kuku wa Maposeni, kama wa vijiji vingine vya Ruvuma, hutembea. Asubuhi hutoka, huparua migombani na kwenye mashamba ya mahindi, hula mchwa na mabaki ya ugali, na jioni hurudi kulala. Kuku hajui mpaka wa kiwanja. Jogoo wako akiingia nyumbani leo, kesho amekwisha kufika kwa jirani. Kwa hiyo jogoo mgeni si jambo la nyumba moja.

Kwa nini basi tulete jogoo mgeni?

Jogoo akikaa miaka mingi kwenye banda moja huwapanda binti zake, kisha wajukuu zake. Damu inakuwa moja. Mayai mengi huatamiwa lakini hayaanguliwi. Vifaranga wanaotoka huwa dhaifu, hukua polepole na hufa ovyo. Mwenye kuku humlaumu mwewe, humlaumu jirani mwenye jicho baya, kumbe shida iko kwenye damu. Dawa yake ni kubadili jogoo baada ya mwaka mmoja hivi. Jogoo mmoja anatosha mitetea 10. Wakiwa wawili kwenye kundi dogo watapoteza siku kwa kupigana.

Kama unataka mayai ya kula tu, huhitaji jogoo hata mmoja. Mtetea hutaga bila jogoo. Yai hilo lina chakula kilekile, ila halitatoa kifaranga.

Kumchagua jogoo si kazi ngumu. Chagua aliye na umri wa miezi 8 mpaka mwaka mmoja. Awe na macho makavu yanayong'aa, pua safi, miguu iliyonyooka na upanga mwekundu. Geuza manyoya ya chini ya mkia na ya mabawani, utazame chawa na utitiri. Tazama pia kandokando ya macho na upanga, kwani kuna viroboto wanaoganda hapo kama punje nyeusi. Kama manyoya ya nyuma yamechafuka kwa mharo, mwache. Na usivutiwe na ukubwa peke yake. Jogoo mzito mno huwachubua migongo mitetea wadogo wa kienyeji.

Shida kubwa ni mahali pa kumpata. Damu inataka jogoo wa mbali. Afya inataka jogoo wa karibu, kwa mtu unayemjua. Ukimchukua kwa jirani wa uzio wa pili, huenda ni ndugu wa mitetea yako, kwa sababu kuku wenu huchanganyika kila siku. Ukimnunua sokoni Songea, hujui alikotoka wala amekaa na kuku gani ndani ya tenga. Kwa maoni yetu, njia nzuri ni kwenda kijiji kingine, kwenye nyumba ya ndugu au rafiki, ukawaone kuku wote wa mji huo kwa macho yako. Uliza bila haya: "Mwezi huu kuku wenu wamekufa? Mmewachanja lini?" Jogoo wa bei rahisi sana mwogope. Watu wengi wakisikia kuku wa jirani wanakufa, hukimbilia kuuza wa kwao kabla hawajafa. Ndivyo ugonjwa unavyopanda baiskeli na basi.

Ugonjwa huo ni mdondo. Wengine huuita kideri. Huko Ulaya ulipewa jina la mji wa Newcastle nchini Uingereza, ulikoonekana mwaka 1926. Mwaka huohuo ulionekana pia katika kisiwa cha Java, Indonesia. Leo uko karibu dunia nzima, na kwa kuku wetu wa kienyeji hakuna adui mkubwa kuushinda. Kuku mwenye mdondo hujikunyata na kuacha kula. Huhema kwa mdomo wazi na kukohoa. Huhara mharo wa kijani. Wengine hupinda shingo, huzunguka kama walevi, au hupooza mabawa na miguu. Kisha hufa wengi kwa pamoja. Dawa ya kuutibu hakuna. Pilipili, majivu na vidonge vya binadamu haviuponyi.

Jambo la kushika ni hili. Kuku aliyeambukizwa haonekani mgonjwa siku ileile. Mara nyingi dalili hutokea baada ya siku 5 au 6, lakini zinaweza kuanza baada ya siku 2 au kuchelewa mpaka siku 15. Katika siku hizo kuku huonekana mzima, anawika na kula, na huku anaanza kutoa ugonjwa kwa kinyesi na kwa pumzi. Ndiyo maana kumtazama jogoo siku ya kwanza hakutoshi. Lazima kumtenga.

Mtenge kwa siku 21. Tunajua ni siku nyingi, na mtu aliyetoa fedha yake anataka kumwona jogoo akifanya kazi. Hata hivyo wiki tatu si kitu ukilinganisha na miezi utakayotumia kuanza tena kundi zima.

Mahali pa kumtenga pawe mbali na banda, upande ambao kuku wengine hawafiki. Tengeneza kizimba kidogo cha mianzi au fito, chenye kivuli na paa la nyasi. Weka majivu makavu na mchanga ili ajigaragaze na kupunguza chawa. Chombo chake cha maji na cha chakula kiwe chake peke yake. Wahudumie kwanza kuku wenyeji, kisha yeye. Ukimaliza, nawa mikono kwa maji na sabuni, na kwangua udongo kwenye viatu au osha miguu. Kinyesi chake kifukie. Kama ana miguu yenye magamba yaliyoinuka, hao ni wadudu wanaoishi chini ya ngozi. Osha miguu kwa maji na sabuni, ipake mafuta ya kula, na rudia kila baada ya siku chache.

Usimtenge jikoni, wala chini ya kitanda. Hapa tunasema habari ya afya ya watu. Kinyesi cha kuku, hata cha kuku asiyeonekana mgonjwa, kinaweza kuwa na vijidudu vinavyoharisha watu. Mtoto anayetambaa hushika sakafu, kisha hutia mkono mdomoni. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu kwenye vikundi vya kusoma na kusikiliza redio nchini Tanzania, na vijiji vingi vilichimba vyoo ili mavi ya watu yasifike kwenye chakula na maji. Kinyesi cha kuku nacho kinataka ulinzi huohuo. Kuku walale kwao, watu walale kwao.

Jogoo akiugua ndani ya siku hizo, asitoke kizimbani, wala asiuzwe. Mwite afisa mifugo wa kata. Akifa, mchome moto au mfukie kwenye shimo refu, pamoja na manyoya yake. Usimtupe bondeni na usimpe mbwa, maana mbwa ataburuta mzoga mpaka kwenye kuku wa watu. Kuku aliyekufa mwenyewe asiliwe. Najua nyama haipatikani kila siku, na kuitupa kunauma. Lakini kwa macho huwezi kujua kilichomuua, na mikono inayomnyonyoa na maji ya kumnyonyolea hueneza ugonjwa mji mzima.

Sasa chanjo. Iko chanjo ya mdondo iitwayo I-2, ambayo asili yake ni Australia na ambayo hutengenezwa pia hapa Tanzania. Inafaa kijijini kwa sababu huvumilia joto kuliko chanjo za zamani. Hata hivyo isikae juani. Ibebwe mahali pa baridi, ikiwa imefungwa kwa kitambaa chenye maji. Kuku hupewa tone moja kwenye jicho moja, awe kifaranga au jogoo mzee. Mshike mpaka tone lienee jichoni, ndipo umwachie. Rudia kila baada ya miezi 3. Chanjo huwakinga wazima, haiponyi wagonjwa, na haizuii ndui, mafua wala kuhara damu.

Kinga haiji siku hiyohiyo. Wachanje kuku wenyeji wiki mbili au zaidi kabla jogoo hajaletwa. Jogoo naye, kama ni mzima na hajachanjwa karibuni, achanjwe akiwa kizimbani. Chupa moja ya chanjo hutosha kuku wengi kuliko wa mwananchi mmoja, na ikishafunguliwa haikai. Kwa hiyo majirani waafikiane siku moja, wachangie chupa, wachanje asubuhi na mapema kabla kuku hawajatoka. Kuchanja nyumba moja na kuiacha ya pili ni kama kufunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Siku 21 zikipita salama, anza kumzoesha. Jogoo wa zamani awe ameondoka. Usiwaache wamalize mambo yao wenyewe, maana watatoana damu, na kuku wakiona damu hudonoa hapohapo mpaka jeraha linakuwa kubwa.

Kwa siku 3 au 4 sogeza kizimba cha mgeni karibu na banda. Mitetea wamwone na kumsikia, bila kumfikia. Kuku wana utaratibu wao. Yupo mtetea mkubwa anayekula kwanza, yupo wa pili, na yupo wa mwisho anayedonolewa na wote. Mgeni akiingia, utaratibu huo hutikisika. Wakimzoea kwa macho, vita hupungua.

Kisha mwingize usiku. Kuku hawaoni vizuri gizani, na wakiwa wamelala hawapigani. Mweke taratibu juu ya kichanja, kando ya mitetea. Asubuhi amka mapema ukawatazame. Waache ndani ya banda au kwenye uzio kwa siku 2 au 3, ili jogoo ajue kwamba hapa ndipo kwake. Wasipofungiwa, jogoo mgeni hupotea, na pengine huishia kwenye chungu cha mtu. Wako wanaomfunga kamba mguuni. Kama huna njia nyingine, tumia kitambaa kipana, si kamba nyembamba inayokata ngozi, na umfunge kivulini penye maji.

Siku hizo tawanya pumba na mahindi yaliyoparazwa mahali pengi, na weka vyombo viwili vya maji. Chakula kikiwa mahali pamoja, wakubwa hulinda na wadogo hukosa. Mitetea wazee wanaweza kumfukuza jogoo kijana kwa siku kadhaa. Usiingilie kila wanaporuka. Akitoka damu, au akijificha pembeni bila kula wala kunywa, ndipo umtoe, umpumzishe, na umrudishe usiku mwingine. Baada ya wiki moja hivi utamwona akipata mdudu, anaita mitetea waje kula. Hapo amekubaliwa.

Watoto wasimchokoze. Jogoo mwenye kundi lake hulinda, na mtoto mdogo uso wake uko karibu na kipi, yaani ule mwiba wa mguuni mwa jogoo. Mwiba huo unaweza kupasua jicho. Jeraha lolote la jogoo lioshwe kwa maji safi na sabuni, na mtoto apelekwe zahanati, kwa sababu mwiba uliokanyaga uchafu unaweza kuleta pepopunda. Jogoo anayerukia watu mara kwa mara hafai kuwekwa mbegu. Huyo achinjwe.

Limebaki jambo la mayai. Mbegu ya jogoo hukaa ndani ya mtetea kwa siku nyingi. Hata jogoo wa zamani akiondoka leo, mayai ya wiki mbili zijazo, na pengine ya wiki ya tatu, yanaweza kutoa vifaranga vyake. Kwa hiyo mtoe jogoo wa zamani siku ileile unayomweka mgeni kizimbani. Wakati siku 21 zinahesabika, mbegu ya zamani nayo inakwisha, na mayai ya siku hizo wape watoto wale, yakiwa yamechemshwa mpaka yaive. Mgeni akishakaa wiki moja na mitetea, anza kukusanya mayai ya kuatamisha. Andika tarehe juu ya kila yai kwa penseli, na usiweke yai lililozidi siku 10. Vifaranga watatoka siku ya 21 tangu mtetea alipoanza kuatamia.