Ukarabati wa mashine za sarafu za michezo ya video

Ukarabati wa mashine za sarafu za michezo ya video ni kazi ya kurudisha katika hali nzuri, nyumbani au katika karakana ndogo, yale makabati ya mbao yenye skrini, joistiki na vitufe yaliyokuwa yakiwekwa kwenye baa, maduka na kumbi za starehe ili watu wacheze kwa kutia sarafu. Kazi hii inachanganya useremala, upakaji rangi na ufundi wa elektroniki. Wapo wanaotaka mashine irudi kama ilivyotoka kiwandani, na wapo wanaotaka kuibadilisha wapendavyo. Makundi haya mawili hukubaliana karibu katika kila jambo la ufundi. Wanachobishania ni kitu gani kinaruhusiwa kutupwa.

Asili ya mashine hizi

Mashine ya mwanzo kabisa ya aina hii kuuzwa kibiashara ni Computer Space, iliyotolewa mwaka 1971 na kampuni ya Nutting Associates ya California, Marekani. Wabunifu wake, Nolan Bushnell na Ted Dabney, walianzisha kampuni ya Atari mwaka uliofuata. Huko mhandisi Allan Alcorn alitengeneza Pong, na mashine ya majaribio ikawekwa katika baa ya Andy Capp's Tavern mjini Sunnyvale. Haikuchukua muda ikaacha kufanya kazi. Alcorn alipoitwa kuitazama, alikuta kisanduku cha sarafu kimefurika. Yawezekana huo ndio ukarabati mwepesi kuliko yote katika historia ya mashine hizi.

Wimbi kubwa lilikuja na Space Invaders ya kampuni ya Taito ya Japani (1978), kisha Pac-Man ya Namco (1980), iliyobuniwa na Toru Iwatani na kutengenezwa Marekani na kampuni ya Midway. Biashara hiyo ilipodorora Marekani katika miaka ya 1980, makabati mengi yalitupwa, yalivunjwa au yaliachwa kwenye maghala yenye unyevu. Yanayokarabatiwa leo ni yale yaliyosalimika, na kwa kawaida yamesalimika kwa shida.

Kubadilisha mashine si jambo la leo

Ni kosa kudhani kwamba kila kabati lilibaki na mchezo mmoja maisha yake yote. Wenye mashine walikuwa wafanyabiashara. Mchezo ukichosha wateja, walitoa bodi ya zamani, wakaweka mpya, wakapaka kabati rangi nyeusi na kubandika picha nyingine.

Mfano maarufu zaidi ni wa Nintendo. Mwaka 1981 kampuni hiyo ilikuwa Marekani na shehena ya mashine za Radar Scope zisizopata wanunuzi. Badala ya kuzitupa, ilizigeuza ziwe mchezo mpya uliobuniwa na Shigeru Miyamoto, yaani Donkey Kong. Ndiyo maana baadhi ya makabati ya mwanzo ya Donkey Kong ni mekundu, ilhali yaliyofuata ni ya buluu. Ms. Pac-Man nayo (1982) ilianza kama vifaa vya kuboresha mashine ya Pac-Man, vilivyotengenezwa na kampuni nyingine, General Computer Corporation, kabla ya Midway kuinunua kazi hiyo.

Hapo ndipo neno "asili" linapokuwa gumu. Mtu akiliondolea kabati jekundu la Donkey Kong kila kilichoongezwa baadaye ili lirudi kuwa Radar Scope, atakuwa amefuta sehemu muhimu ya historia ya Nintendo kwa nia njema. Fundi makini huamua kwanza ni kipindi gani cha maisha ya mashine anachotaka kukirudisha, ndipo anaposhika bisibisi.

Ubadilishaji ulirahisishwa zaidi mwaka 1985, wakati chama cha watengenezaji wa Japani kilipoweka kiwango cha pamoja kinachojulikana kwa kifupi cha jina lake, JAMMA. Kabla ya hapo kila kampuni ilipanga nyaya zake kwa namna yake. Kiwango hicho kiliweka soketi moja yenye pini 56 inayopitisha umeme, picha, sauti, sarafu na amri za wachezaji wawili. Bodi ya mchezo huchomekwa humo na mashine inakuwa mpya. Kiwango hicho hakikutazamia vitufe sita kwa kila mchezaji, na kwa hiyo Street Fighter II ya Capcom (1991) ilihitaji fungu la nyaya za ziada kwa ajili ya vitufe vya mateke.

Kabla ya kuwasha

Hamu ya kwanza ya mwenye kabati jipya ni kuliwasha. Haifai. Mashine iliyolala miaka 20 huenda imeliwa nyaya na panya, na kifaa chake cha kugawa umeme huenda kinatoa volti zisizo sahihi. Kazi huanza kwa kupiga picha kila upande wa ndani na kubandika utepe wenye maandishi kwenye kila waya kabla ya kuuchomoa. Kisha bodi ya mchezo huchomolewa, na umeme hupimwa kwa multimita bila bodi hiyo. Bodi nyingi hutumia volti 5. Zikipungua chini ya takriban 4.75 mchezo hujizima na kuanza upya ovyo, na zikizidi 5.25 chipu huweza kuungua. Makosa mengi yanayoonekana kama ugonjwa wa bodi ni ya umeme dhaifu tu, au ya soketi iliyoshika kutu.

Jambo la pili ni nchi mashine ilikotoka. Ya Japani hutumia volti 100 na ya Marekani 120, wakati umeme wa majumbani Afrika Mashariki na sehemu kubwa ya Ulaya ni wa volti 230 hadi 240. Kuichomeka moja kwa moja ukutani ni kuiunguza. Inahitajika transfoma ya kushusha umeme yenye uwezo wa kutosha. Tena, skrini nyingi za Kimarekani hazikutengwa na umeme wa ukutani ndani yake zenyewe, bali zilitegemea transfoma ya kutenganisha iliyofungwa chini ya kabati. Anayeiondoa transfoma hiyo kwa kudhani ni mzigo usio na kazi hufanya chuma cha skrini kiwe na umeme hai.

Skrini ya chogo

Skrini za makabati ya zamani ni za neli ya kioo, sawa na televisheni za chogo. Hii ndiyo sehemu ya hatari kuliko zote. Neli ya rangi ya inchi 19 hufanya kazi kwa takriban volti 20,000, na kioo chake huweza kuhifadhi umeme huo hata baada ya plagi kuchomolewa. Kabla ya kuigusa, umeme uliobaki hutolewa kwa bisibisi bapa ndefu yenye mpini usiopitisha umeme, iliyounganishwa kwa waya na fremu ya chuma ya neli yenyewe. Ncha yake husukumwa taratibu chini ya kifuniko cha mpira kilicho ubavuni mwa neli. Mkono mmoja hubaki nyuma ya mgongo ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Baada ya dakika chache tendo hilo hurudiwa, kwa sababu chaji kidogo huweza kujikusanya tena. Asiyewahi kuona kazi hii ikifanywa asiijifunze peke yake. Fundi mzee wa televisheni ni mwalimu bora kuliko maandishi yoyote, haya yakiwemo.

Dalili za uzee wa skrini ni picha iliyojikunja pembeni, inayotetemeka au iliyofifia. Mara nyingi chanzo ni kapasita za elektroliti zilizokauka, na dawa ni kuzibadilisha zote kwa pamoja. Kapasita mpya huwa na kiasi kilekile cha faradi na volti sawa au zaidi, na upande wake wa hasi huzingatiwa.

Kasoro moja haina dawa. Picha isiyosonga ikikaa miaka mingi, huunguza rangi ya ndani ya kioo. Skrini nyingi za Pac-Man huonyesha njia za mchezo huo hata zikiwa zimezimwa. Wapo wanaoona ni uchafu wa kuondolewa kwa kutafuta neli nyingine, na wapo wanaouhifadhi kama kovu la kazi. Kuweka skrini bapa ya kisasa ni rahisi na salama zaidi, lakini mistari ya picha hubadilika, na kwa baadhi ya mashine haitoshi kabisa. Asteroids ya Atari (1979), kwa mfano, haichori picha kwa nukta zilizopangwa safu kwa safu. Boriti yake hutembea kutoka ncha hadi ncha ya kila mstari, na risasi zake hung'aa kwa namna ambayo skrini bapa hailingani nayo.

Bodi na betri

Adui mkubwa wa bodi ni betri. Mashine kama Defender ya kampuni ya Williams ziliwekewa betri tatu ndogo za kawaida ili zikumbuke alama za washindi. Betri zikiachwa huvuja, na majimaji yake hula njia za shaba. Huondolewa kabla ya kitu kingine chochote. Palipovuja alkali husafishwa kwa siki kidogo, kisha kwa spiriti, na njia zilizokatika huunganishwa kwa waya mwembamba na risasi.

Bodi za Capcom za mfumo wa CPS-2, zilizoanza mwaka 1993, zina tatizo tofauti. Betri yao hutunza funguo za siri za kusomea mchezo. Betri ikifa, funguo hupotea na mashine hukataa kucheza ingawa kila chipu ni nzima. Wapenzi wa mashine hizo walikuja kupata njia ya kurudisha funguo, na bodi zilizodhaniwa kuwa zimekufa zikafufuka.

Mbao na picha

Makabati yalitengenezwa kwa plaiwudi, chipubodi au MDF. Sehemu ya chini ndiyo huoza kwanza, kwa kuwa sakafu za kumbi zilipigwa deki kila siku na maji yakapanda kwenye mbao. Chipubodi iliyovimba haishiki tena skrubu. Ama hukatwa na kuungwa kipande kipya, ama hukazwa kwa gundi ya epoksi na kujazwa pati. Ukingo wa kabati hufunikwa kwa utepe wa plastiki wenye umbo la herufi T, ambao shina lake hupigwa kwa nyundo ya mpira ndani ya mfereji mwembamba.

Rangi nyeusi iliyopakwa juu yake isiharakishwe kwa msasa. Chini yake mara nyingi ipo picha ya kwanza, iliyochapwa kwa violezo, na kwa uvumilivu na kiyeyushi dhaifu huweza kufunuliwa karibu nzima. Mashine ya msasa huimaliza kwa dakika tano.

Joistiki na vitufe

Joistiki ni sehemu inayochoka mapema na inayorekebishwa kwa urahisi zaidi. Za zamani hutumia vibati viwili vya chuma vinavyogusana mchezaji anapoinamisha kijiti. Husafishwa kwa kupitisha kati yake kipande cha kadi ngumu, kama ile ya mwaliko wa harusi, chenye spiriti kidogo. Msasa hautumiki kwa kuwa hukwangua utando mwembamba unaozuia kutu. Za baadaye hutumia swichi ndogo zenye mlio wa "tik", ambazo zikifa hubadilishwa tu.

Joistiki ya JLF ya kampuni ya Sanwa ya Japani ni mfano mzuri wa kujifunzia. Ina kijiti, springi, swichi nne na bamba la chini lenye tundu la mraba linalozuia kijiti kisipite kiasi. Waya zake ni tano, mmoja wa ardhi ya pamoja na minne ya pande. Anayetaka kijiti kigumu hubadilisha springi. Anayetaka kucheza Pac-Man huzungusha bamba kwa nyuzi 45, ili kijiti kielekee pande nne tu. Hatua hii hupuuzwa mno. Kijiti cha pande nane huruhusu mkono kukaa katikati ya "juu" na "kulia", na Pac-Man hupitiliza kona ambayo mchezaji ana hakika alikata. Wengi wamelaumu bodi kwa kosa la bamba.

Joistiki za nyumbani kama CX40 ya Atari zina vifuniko vidogo vya chuma vilivyoinuka kama kuba juu ya bodi, vinavyogusa njia ya shaba vinapobonyezwa. Skrubu nne zikifunguliwa, kuba iliyochoka hubadilishwa na uchafu hufutwa. Upande mmoja ukiendelea kukataa, huenda waya umekatikia ndani mahali unapoingilia.

Kuhifadhi au kugeuza

Mwaka 1997 Mwitalia Nicola Salmoria alitoa MAME, programu inayoigiza mashine za sarafu ndani ya kompyuta ya kawaida. Tangu hapo kabati moja lenye kompyuta ndogo limeweza kubeba maelfu ya michezo, na makabati mengi yamekombolewa matumbo yao kwa ajili hiyo. Lakini MAME yenyewe inategemea chipu za mashine halisi. Kila mchezo ulionakiliwa ulisomwa kutoka kwenye bodi ya mtu fulani ambaye hakuitupa.

Kwa hiyo mafundi wengi hutumia kabati lililokwisha kupoteza vifaa vyake, au huunda jipya kwa MDF. Inapobidi kugeuza kabati kamili, nyaya za kwanza hazikatwi, bali huchomolewa na kufungwa pamoja. Paneli ya joistiki haitobolewi matundu mapya. Hutengenezwa nakala yake kwa ubao mwingine, na ile ya kwanza hufungwa kwa kitambaa pamoja na bodi na skrubu zake na kuwekwa ndani ya kabati hilohilo, zikiwa na karatasi inayoeleza kilichofanyika na mwaka kilipofanyika.