Kutafuta kansere katika kitone cha damu

Karibu kila mmoja wetu amekwisha kuchomwa kidole pale kituo cha afya. Munganga anatia kitone cha damu juu ya kipande cha plastiki, damu inatembea yenyewe polepole, na kisha dakika kama 15 mistari inaonyesha kama ni malaria. Kumbe ile plastiki ni laboratware ndogo! Haitaki darubini wala umeme. Basi wenye elimu wanauliza: kansere nayo, haiwezi kutafutwa hivyo?

Kazi iko nguvu zaidi. Kansere inaachilia chembe chache katika damu, pengine moja tu katikati ya chembe milioni elfu moja. Ni sawa na kutafuta punje moja ya mpunga katika magunia karibu 250. Mwaka 2007, kule Boston, Marekani, Mehmet Toner na wenzake walionyesha kibao kidogo chenye vinguzo 78,000, vyembamba karibu kama unywele, vilivyopakwa kitu cha kunasa. Damu inapita katikati, chembe za kansere zinashikwa, zingine zinaenda zao.

Wengine hawatafuti chembe nzima, wanatafuta vipande vya ADN ambavyo kansere inaacha katika damu. Hapo habari inatufikia sisi wa Maniema. Denis Burkitt, munganga wa kupasua, Mprotestanti kutoka Ireland, alitumika Kampala, na mwaka 1958 aliandika juu ya uvimbe wa taya unaoshika watoto. Unaonekana sana pale malaria inakaa mwaka mzima, sawa kwetu. Dawa zinaweza kuuponyesha, lakini zianze mapema. Desturi ni kukata kipande cha uvimbe na kungojea jibu, wakati mwingine majuma mengi. Ndiyo maana wanganga wa Tanzania na Uganda, pamoja na Anna Schuh wa Oxford, wamechunguza kama damu ya mtoto yaweza kutoa jibu mbele.

Tusijidanganye: kazi hiyo ingali inataka mashini kubwa za mujini, si kiplastiki cha malaria. Lakini dalili zingine zinaonekana kwa macho: shavu linavimba upesi, meno yanalegea bila kuoza, pengine jicho linasukumwa nje. Watu wanasema ni jino, ao ni kulogwa, na mtoto anabaki nyumbani. Tena mvua ikiharibu barabara ya Kabambare mpaka Kasongo, siku mbili zinapotea njiani bure, na siku mbili zinatosha uvimbe huu kuwa mara mbili.