Taa ya Ndagala: Nuru Inafika Wapi, na kwa Bei Gani?

Ingia duka lolote la vifaa mjini Baraka, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ukitafuta taa ya kuvulia ndagala, dagaa wa ziwa hilo, na jambo la kwanza utakaloambiwa ni wati. Hii ya 50, ile ya 100, ile kubwa kule juu ya 200. Mnunuzi hupiga hesabu kichwani: wati mara mbili, samaki wataiona kutoka mbali mara mbili. Hesabu hiyo si kweli, na imekula akiba ya wavuvi wengi toka Mboko mpaka Kazimia. Umbali ambao nuru inafika majini hautegemei sana nguvu ya taa. Unategemea zaidi maji unayovulia, pembe ambayo nuru inaingilia, na rangi yake. Mambo hayo matatu hayamwongezei muuzaji faida, kwa hiyo hana haja ya kuyataja.

Uvuvi wa kutumia nuru ni wa zamani kwenye Ziwa Tanganyika. Wazee waliwasha kuni mbele ya mtumbwi na kuwateka ndagala kwa lusenga, ule wavu wenye mpini mrefu. Katika miaka ya 1950 taa za presha zilienea, karabai za mafuta ya taa, na uvuvi wa ndagala ukawa biashara kubwa. Leo mwenye chombo ana njia tatu: kubaki na karabai, kuhamia taa za LED zinazotumia betri, au kubeba jenereta.

Tuanze na umbali, maana ndipo pesa nyingi zinapopotea. Nuru ikiwa majini hupungua kwa sababu mbili kwa wakati mmoja. Hutawanyika kadiri inavyokwenda mbali, na maji yenyewe huinyonya. Chukua maji masafi katikati ya ziwa, tuseme nuru hupungua kwa nusu kila mita 7 kwa kunyonywa peke yake. Kama taa yako inamvuta ndagala aliye mita 30, ukiongeza nguvu mara mbili utamvuta aliye mita 34. Ukiongeza mara nne, mita 39 hivi. Ukiongeza mara kumi, kwa bei ya mara kumi na betri ya mara kumi, utafika mita 45. Nguvu mara kumi imekuongezea nusu tu ya umbali uliokuwa nao.

Sasa ipeleke taa ileile ya mwanzo karibu na mdomo wa mto Mutambala msimu wa mvua, maji yakiwa mekundu kwa udongo wa milimani. Kama hapo nuru hupungua kwa nusu kila mita 2, taa iliyofika mita 30 sasa inafika mita 13. Ibadilishe kwa taa yenye nguvu mara kumi na bado hutavuka mita 18. Kwa maneno mengine, mwenye taa ndogo aliyepiga kasia hadi maji masafi ng'ambo ya rasi ya Ubwari anaonekana na samaki wa mbali zaidi kuliko mwenye taa kubwa aliyebaki kwenye matope. Fedha ya taa ya wati 200 ingelipa mafuta ya mashine ya kumfikisha huko kwa usiku mwingi.

Pembe nayo ina uzito wake. Nuru ikitoka hewani na kuingia majini hupinda kuelekea chini. Hata ukiilaza taa namna gani, miale yake ikishazama haiendi pembeni zaidi ya nyuzi 49 hivi kutoka kwenye mstari wima. Ile inayogusa maji ikiwa imelala sana hurudishwa juu karibu yote, ikawaangazia wavuvi wa chombo cha jirani bure. Ndiyo maana kofia pana juu ya taa, hata ya bati lililokatwa kwa mkono na kupakwa rangi nyeupe ndani, inazidi wati nyingi za ziada. Gharama yake ni bati na mkasi. Taa inayozamishwa haina kikomo hicho, hutupa nuru kila upande, na hapo LED inaishinda karabai kabisa kwa kuwa karabai haizamishiki.

Rangi nitaisema kwa ufupi. Katika maji masafi nuru nyekundu humezwa ndani ya mita chache za mwanzo, lakini ya buluu na ya kijani huendelea. Karabai hutoa nuru ya manjano iliyojaa wekundu, na sehemu kubwa ya mafuta yake huishia kuwa joto. Ukiwa na chaguo la LED, chukua nyeupe ya baridi au ya kijani, uiache ile ya manjano kwa ajili ya nyumbani. Kwenye maji machafu kijani hufaa kuliko buluu.

Lipo jambo ambalo mvuvi wa katamara, kile chombo cha mitumbwi iliyounganishwa, analijua kuliko mwandishi yeyote: samaki aliyevutwa si samaki aliyekamatwa. Wavu unashushwa chini ya taa na kuinuliwa, na anayepatikana ni yule tu aliye juu ya wavu. Kundi kubwa linalozunguka pembeni halina faida. Kwa hiyo taa inayoweza kupunguzwa nuru polepole kabla ya kuinua wavu, ili kundi lijikusanye katikati, ina thamani kuliko taa inayofika mbali. Kitufe cha kupunguza nuru kwenye taa za LED huongeza bei kidogo tu. Kama kuna kitu kimoja cha kuongezea pesa, ni hicho.

Twende kwenye gharama. Karabai ya aina ya Petromax ya lita moja huwaka kama saa 8. Chombo chenye taa 6 kikifanya kazi saa 10 kinateketeza lita 7.5 kwa usiku. Ukiondoa wiki ya mbalamwezi, ambapo ndagala hutawanyika na wavuvi wengi hulala nyumbani, unabaki na kama usiku 22 kwa mwezi: lita 165. Ukinunua lita kwa dola 1.20 (ni mfano, weka bei uliyolipa wewe), hiyo ni dola 198 kila mwezi, kabla ya vile vitambaa vinavyoungua, vioo vinavyopasuka mvua ikivipiga vikiwa vya moto, na ajali za mafuta ndani ya chombo cha mbao.

LED nzuri hutoa lumeni 100 hivi kwa kila wati, kwa hiyo taa ya wati 10 halisi inatoa nuru ya kutosha kuchukua nafasi ya karabai. Taa 6 ni wati 60, na kwa saa 10 ni wati-saa 600. Kwa betri ya volti 12 hiyo ni ampea-saa 50. Tuseme seti nzima, yaani taa, betri na paneli ya sola ya wati 200, inakugharimu dola 500. Gawanya kwa 198: miezi miwili na nusu, na seti imejilipa. Usipokuwa na paneli ukachaji kwenye kibanda kwa dola 3 kwa usiku, unalipa dola 66 kwa mwezi, nafuu inabaki dola 132, na ukiihesabu bei ileile ya dola 500 muda unakuwa karibu miezi minne. Hesabu hiyo ifanye kwa bei zako mwenyewe kabla ya kutoa hata dola moja.

Jenereta ndogo hunywa karibu nusu lita ya esansi kwa saa hata ikiwa na mzigo mdogo. Lita 5 kwa usiku, 110 kwa mwezi, pamoja na oili, kelele na mashine ya kuibiwa. Kwa taa za wati 60 haina maana.

Mahali pa kuwa macho zaidi ni betri. Betri ya risasi haipaswi kutumiwa zaidi ya nusu ya chaji yake, kwa hiyo ili kupata ampea-saa 50 unahitaji ya 100, na hiyo ina uzito wa kilo 25 hadi 30. Ile iliyotengenezwa kwa matumizi ya sola huhimili chaji mia kadhaa. Kwa usiku 22 kwa mwezi, chaji 400 ni mwaka mmoja na nusu. Betri ya gari ni ya kuwashia injini, na ukiimaliza chaji kila usiku itakufa ndani ya miezi. Betri ya lithiamu ya fosfati ya chuma inaruhusu kutumia asilimia 80, ina uzito usiofika nusu ya ile ya risasi, na hudumu chaji 2,000 au zaidi, yaani miaka saba na kitu kwa kazi hii. Ni ghali siku ya kununua, lakini kwa kila usiku wa kuvua ndiyo ya bei nafuu kuliko zote. Kama fedha haitoshi, ningempa mwenye chombo ushauri wa kununua lithiamu na taa mbili tu, abaki na karabai nne, kisha aongeze taa kwa pesa ya mafuta aliyookoa. Kununua taa sita na betri mbovu ni kununua mara mbili.

Vifaa vingi hufika Baraka kwa boti kutoka Kigoma au kwa barabara kupitia Uvira, na namba zilizoandikwa kwenye boksi si za kuaminiwa. Taa iliyoandikwa wati 100 inaweza kula 15. Mwombe fundi aje na mita: volti mara ampea ndizo wati za kweli. Muuzaji anayekataa kipimo hicho, mwache. Taa ya kuzamisha itumbukize kwenye ndoo ya maji saa nzima hapo hapo dukani, kisha uangalie kama kuna ukungu ndani ya kioo.

Nchi nne za ziwa zimekubaliana kulipumzisha kila mwaka kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na Tanzania ilifunga uvuvi kwa mara ya kwanza 2024. Miezi mitatu ya kukaa nchi kavu inaweza kuiharibu betri isiyotunzwa. Ya risasi ichajiwe ijae kabla ya kuwekwa, kisha irudishiwe chaji kila mwezi. Ya lithiamu iwekwe ikiwa nusu, nyaya zimetolewa, mahali penye kivuli.